Udi na nyatiti: Kidole kimoja hakivunji chawa

Mpwani aliyezoea udi, akifika Migosi mjini Kisumu na kusikia nyatiti ikipigwa, hapana shaka sikio litamsimama. Ala hizi si ndugu wa tumbo moja. Udi una shingo, na vidole huzibana nyuzi kutafuta sauti. Nyatiti ni jamii ya kinubi: nyuzi nane, kila uzi na sauti yake.

Lakini maradhi yao ni mamoja. Ayub Ogada, fundi wa nyatiti aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alifariki 2019 karibu na Kisumu. Fundi wetu wa udi, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alifariki 2016. Wote wawili wametuachia kanda. Ila kanda haimsahihishi mwanafunzi kidole.

Wenzetu wa Unguja walitambua mapema. Akhwan Safaa ilianzishwa 1905. Waasisi wake wametangulia mbele ya haki, bali chama kingalipo. Hata hivyo, elimu nayo ina gharama. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa huko 2002 na kufundisha udi, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 kwa kukosa fedha.

Basi wapenzi wa udi Mombasa na Lamu, na wa nyatiti Kisumu, wasingoje mfadhili wa ng'ambo. Wachange wenyewe, mwalimu alipwe, kijana apate ala. Mafundi hawangoji.