Theluji ya vuli haijui jezi yako

KILA ikikaribia Desemba 9, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Vikundi vya mazoezi, matawi ya mashabiki, wafanyakazi wa ofisi fulani, wote wanapanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru na wanataka mwandishi wa michezo awasindikize. Wazo zuri. Tangu Alexander Nyirenda apandishe bendera na mwenge kule kileleni Desemba 9, 1961, safari hiyo ina maana yake kwa Mtanzania.

Shida huanza nikiuliza: mmejiandaaje? Jibu huwa moja tu, jezi za safari zimeshachapishwa.

Siwacheki, maana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka juzi nilipanda Novemba kupitia Marangu na kundi la vijana wenzangu. Nilikuwa na traksuti ya pamba, raba za mazoezini na glovu za sufu za kuazima. Nikajisemea, mimi nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi, mlima utanifanya nini?

Mvua ilitukuta njiani kwenda Horombo, mita 3,720. Traksuti ikalowa na haikukauka tena. Siku iliyofuata tukafika Kibo, takribani mita 4,700, na tulipotoka kwenda kileleni usiku wa manane mvua ilikuwa imegeuka theluji, inafika kwenye vifundo vya miguu. Baada ya saa mbili sikuvihisi vidole vyangu. Nikaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Kiongozi wetu akanimulika usoni na tochi, akasema: “Dogo, wewe mechi yako imeisha. Tunashuka.”

Nilikasirika sana. Leo namshukuru.

Tatizo letu ni kwamba tunaiona theluji ya Kilimanjaro kama picha ya kwenye kalenda. Ukiwa Moshi na jua la vuli linakuchoma, huwezi kuamini kwamba kule juu kuna baridi ya kuua. Lakini hesabu ni rahisi: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Moshi ikiwa na nyuzi 30 mchana, kileleni, mita 5,895, unakaribia sifuri kabla hujaweka usiku na upepo. Ongeza mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na mvua hiyo hiyo inayolowesha mahindi bondeni inaanguka theluji kule juu. Na hewa ya oksijeni kule ni kama nusu ya unayovuta Dar es Salaam.

Kwa hiyo tujiandae kama timu inavyojiandaa na msimu. Hakuna kocha anayempeleka mchezaji uwanjani bila kumkagua njumu.

Kwanza, pamba iacheni nyumbani. Pamba ikilowa inaganda mwilini. Ndani vaa nguo nyepesi inayokauka haraka, juu yake sufu au sweta zito la manyoya, na nje kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Si lazima uwe na hela nyingi. Pale Soko la Memorial, Moshi, mtumba wa nguo za baridi upo, na mjini kuna wanaokodisha mabuti na majaketi. Ila jaribu buti mapema, sio asubuhi ya safari.

Pili, beba jozi mbili za glovu na soksi za ziada, ukizifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nguo za usiku wa kileleni zisiguswe kabla ya usiku huo. Mimi zangu nilizimaliza siku ya pili.

Tatu, mambo madogo. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo ukiganda hunywi. Simu na betri za tochi kaa nazo kifuani, baridi inamaliza chaji. Miwani ya jua usiiache, kwani theluji inarudisha mwanga na asubuhi inaweza kukuunguza macho.

Lakini hoja yangu kubwa si ya sisi tunaopanda kwa sherehe. Ni ya wapagazi, wale wanaojiita wagumu. Mzigo wao una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini. Vizuri. Je, soksi zao nani anazikagua? Siku ile niliyorudishwa, kijana aliyenibebea begi alikuwa na raba zilizotoboka kuliko zangu, na yeye hakuwa na wa kumwambia mechi imeisha. Kundi linaloweza kuchangishana hela ya jezi 40 linaweza kuuliza, kabla ya kulipa, kama kila mpagazi ana buti, koti la mvua na pa kulala pakavu. Jibu likiwa la kusitasita, tafuteni kampuni nyingine.

Juni 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza mechi kamili ya dakika 90 kwenye kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari. Hawakufika pale kwa mbwembwe. Walipanda kwa siku kadhaa, taratibu, miili ikizoea. Na walichagua kiangazi. Sisi tunachagua vuli, tena wengine wanabana siku ili kuokoa hela.

Desemba 9 pandeni, na mimi nikialikwa nitakuja. Lakini kabla ya kutoka getini, kundi likubaliane jambo moja: kiongozi akisema tunarudi, tunarudi. Asiwepo wa kumbishia eti nimeshawaahidi watu picha ya kileleni. Kwenye ligi ukipoteza pointi tatu unazitafuta wiki ijayo. Mlima nao utaukuta pale pale mwakani, ilimradi wewe na aliyekubebea begi mmeshuka salama.