Kamera Inaona Kope, Haioni Saa!

Ndugu msomaji, wewe unayekesha mbele ya mashine kiwandani, sikia hili. Siku hizi zipo kamera zinazopima kope za mwendesha mashine: macho yakifumba mara kwa mara, kengele inalia kwamba akili imechoka. Vema, vidole vitapona. Lakini je, kengele ikilia utapumzishwa, au utakatwa mshahara kwa "uzembe"? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka mwisho wa saa 12 kwa siku, na mapumziko ya saa moja ukipitisha saa 5 mfululizo. Bosi anayezivunja ndiye anayekuchosha! Kijana, kamera isikubalike mpaka iandikwe: kengele ikilia, mashine izimwe, upumzike, mshahara ubaki palepale.