Mita ya tokeni haisahau, mbona maikrowevu isahau?

Leo nina neno kuhusu stima, na si bei yake (hiyo tuiache kwanza).

Stima kupotea hapa kwetu si ajabu. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale Gitaru, nchi nzima ikawa giza. Agosti 2023 giza likarudi, safari hii bila tumbili. Lakini stima ikirudi, mita ya tokeni hukuonyesha yuniti zako vile ulivyoziacha. Maikrowevu nayo? 12:00, inamemeteka tu kama haijui iko kwa nani.

Maoni yangu ni haya: ndani ya mita kuna pesa, ndani ya maikrowevu kuna muda wako tu. Mtengenezaji hulinda kile anachokithamini.

Saa ni kero ndogo, sawa. Lakini jirani yangu hutotoa vifaranga nyumbani. Mayai ya kuku hukaa siku 21, na kuanzia siku ya 18 hayageuzwi tena. Mashine yake ikizimika, huanza kuhesabu kutoka siku ya kwanza. Kwa hivyo ameibandikia karatasi na kuweka alama kwa peni kila asubuhi. Yaani kompyuta inasaidiwa na peni!

Kitaalamu jambo hili halina ugumu. Kumbukumbu ya RAM hufutika stima ikikatika, ya EEPROM hubaki, na chipu nyingi ndogo za kuendesha mashine huja na EEPROM ndani. Saa ndiyo huhitaji betri, kwa sababu lazima iendelee kutembea gizani. Hata hapo, chipu ya saa kama DS1307 hunyonya chini ya nanoampia 500. Kibetri cha lithiamu, mduara kama sarafu, huiendesha zaidi ya miaka 10.

Wenzangu waandishi wa programu nao wasijifiche nyuma ya bei. EEPROM ya kawaida huvumilia kuandikwa mara 100,000 hivi. Ukiandika mahali pamoja kila sekunde, umeimaliza kwa saa 28. Basi andika pale tu kitu kinapobadilika: siku mpya, hatua mpya ya kufua, joto jipya. Weka nakala mbili, maana stima inaweza kukatika ukiwa katikati ya kuandika. Hiyo ni kazi ya siku moja au mbili, si ya kiwanda kipya.

Na wewe mnunuzi, usiulize rangi na wati peke yake. Ukiwa dukani, iwekee mashine saa na mipangilio, chomoa waya, piga gumzo na muuzaji dakika tano, kisha chomeka tena. Ikiwa imesahau, mwambie kwa nini humpi pesa zako. Wakisikia hivyo mara nyingi, kumbukumbu itawarudia.