Msitupe Mbegu

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Oktoba, gari la mkandarasi wa bustani huja kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, kaskazini mwa Uingereza. Vijana wawili hushusha vikapu 12 vinavyoning'inia barazani, upande usiopata jua la mchana. Huvipindua juu ya kontena la taka, huvigonga kitako mara mbili, basi. Chai ya saa nne haijapoa, kazi imekwisha. Mwishoni mwa Mei hurudi na vikapu vingine vya begonia zilezile, rangi zilezile, na ankara mpya.

Mwaka wa kwanza sikuuliza kitu. Aliyeuliza ni bibi mmoja ambaye dirisha la chumba chake linatazama baraza: maua yamepelekwa wapi? Nikamjibu kama wenzangu walivyozoea kumjibu. Nikasema yamekufa kwa baridi.

Mwaka wa pili nilichungulia ndani ya kontena. Nikakuta viazi.

Havikuwa viazi vya kula. Vilikuwa vya kahawia, bapa, na kishimo juu, mfano wa kitumbua kilichobonyea katikati. Nilikibonyeza kimoja kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu, kizima, kimeshiba. Hapo nikajua kwamba nilimdanganya yule bibi.

Nimelelewa Lushoto. Mama alipovuna viazi mviringo, kabla hata ya kupima vya kuuza, alitenga vya mbegu na kuviweka gizagiza mpaka vichipue. Mtoto aliyegusa viazi vile kwa ajili ya chungu alijua atakachokipata. Nyumba ingelala na njaa, mbegu isiguswe. Hatukufundishwa hivyo kwa sababu tulipenda mimea kuliko watu wengine. Tulifundishwa kwa sababu kiazi si mabaki ya mmea. Ni mmea wenyewe, umelala.

Begonia hii inayoning'inia ina tabia hiyohiyo, na iliipata kwao. Katika miaka ya 1860 Richard Pearce, aliyetumwa na bustani ya kibiashara ya Veitch ya London, alileta Uingereza begonia za porini kutoka milima ya Andes, huko Bolivia na Peru. Mmojawapo wa wazazi wake, Begonia boliviensis, huota kwenye kuta za miamba na kuangusha mashina yake chini, maua mekundu yakielekea bonde. Ukame ukija, mashina hukauka na kudondoka. Kiazi hubaki kwenye ufa wa mwamba kikisubiri mvua. Kwa hiyo kuanguka kwa majani si kifo. Ni mmea unafunga duka kwa msimu.

Biashara ya bustani, hata hivyo, huiuza kama mmea wa msimu mmoja. Nimesoma lebo za vikapu hivi kwa miaka minne sasa. Zinaeleza umwagilie lini na uweke wapi. Sijaona hata moja inayosema cha kufanya Oktoba. Ukimya huo una faida yake, na faida hiyo si ya mnunuzi. Tumeuziwa kitu kinachoishi miaka mingi, tukafundishwa kukitumia kama kikombe cha karatasi.

Wataniambia kazi ni nyingi. Niliifanya mwenyewe, siku yangu ya mapumziko, kwa idhini ya meneja, kabla gari halijafika. Vikapu 12, viazi vitano kila kikapu, jumla 60. Unasubiri sakitu ya kwanza iunguze majani, unakata mashina na kubakiza vipande vifupi, unatoa viazi na kuvikung'uta udongo, unavianika ndani kwenye hewa kwa wiki mbili hadi vipande vile vidondoke vyenyewe. Ukiving'oa kwa nguvu unaacha kidonda, na kidonda huoza. Kisha unavifukia kwenye mchanga mkavu, mahali penye baridi pasipogandisha. Ilinichukua mchana mmoja na masanduku matatu ya viatu, nikayaweka chini ya ngazi.

Wataniambia vingine huoza. Kweli, na sitaficha: viazi 19 sikuvifikisha Machi. Vingine niliviweka vikiwa na unyevu, kosa langu. Vingine vilikuwa vimekwisha kutafunwa ndani na mabuu meupe yenye vichwa vya kahawia, ambayo kila mtunza bustani wa Uingereza anayajua na kuyalaani. Lakini 41 vilibaki. Mkandarasi, kwa njia yake, hubakiza sifuri.

Wataniambia pia kwamba mimea mipya huja ikiwa na maua tayari, wakati kiazi cha zamani huchelewa. Hili nalo ni kweli. Tulisubiri hadi Julai. Ila sioni ni lini kusubiri kumekuwa ugonjwa, hasa katika nyumba ambayo watu wake wana mchana mrefu na mambo machache ya kutarajia.

Maana sehemu ambayo ankara haiionyeshi ni hii. Mwezi Machi nilimpelekea yule bibi kiazi kimoja. Macho yake yamefifia sana. Alikigeuza mkononi, akapapasa mpaka kidole kikaingia kwenye kishimo, akasema upande huu ndio wa juu. Hakuna aliyemwambia. Tukavipanda pamoja kwenye trei karibu na dirisha, kishimo kikitazama juu, na kila asubuhi akawa anauliza kama vimetoa jicho. Hatari ya sakitu ilipopita, Juni, tukavihamishia vikapuni na kuvitundika palepale barazani. Yeye ndiye aliyewakumbusha wenzangu kwamba begonia inapenda kivuli chenye mwanga: jua la asubuhi halina neno, la mchana huunguza, na giza tupu huzaa majani bila maua. Ndiye aliyedai tuzipe mbolea ya nyanya kila wiki zikianza kuchanua. Mkandarasi hakuwahi kumuuliza chochote, wala sisi.

Kwa miaka mingi kabla ya begonia, vikapu vya kivulini nchi hii vilijaa ua lililotoka Afrika Mashariki. John Kirk alilipeleka Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Kisha ukungu wa majani ukaliangamiza bustani kwa bustani, na begonia ikapewa nafasi yake. Niliposikia habari hiyo nilijiuliza ni wangapi walisikitika. Aliyezoea kununua upya kila Mei hana anachokikosa. Hubadilisha jina kwenye oda, basi.

Hoja yangu basi ni ndogo, na naisema wazi. Mwenye baraza moja na kikapu kimoja atoe kiazi chake Oktoba. Mchanga na sanduku havimshindi. Na taasisi zinazosaini mikataba ya maua, hospitali, shule, nyumba za wazee, ziandike sentensi moja kwenye mkataba: viazi ni mali ya nyumba. Sisi tuliomba sentensi hiyo. Tumejibiwa kwamba mkataba una mwaka mmoja zaidi, na kwamba kila kilichomo kikapuni ni cha mkandarasi mpaka uishe.

Sawa. Vikapu vyao ni vyao, wavichukue. Vile vinane tulivyopanda wenyewe vina kamba nyekundu kwenye mnyororo, na yule bibi anajua idadi yake. Safari hii akiniuliza vimepelekwa wapi, nitamwonyesha: chini ya ngazi, vimelala.