Mtoto Mgonjwa Bado ni Mtoto

Mzazi wa Mlandege, mjini Iringa, mwanawe anapolazwa hospitali, mwili wa mtoto hupata daktari na muuguzi. Je, hofu yake ina nani? Mara nyingi mtoto hukamatwa mikono na miguu akachomwa sindano, huku mama akilia nje ya mlango.

Wapo wanaodai kwamba kumwandaa mtoto kwa matibabu, kumchezesha wodini na kuwatuliza wazazi wake ni anasa ya nchi tajiri. Dai hilo ni potofu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kucheza, wala haikusema kwamba haki hiyo hukoma kitandani. Mwalimu Emma Plank alianzisha mpango wa namna hiyo hospitalini Cleveland, Marekani, mwaka 1955. Leo huko kazi hii husomewa hadi shahada ya uzamili.

Iringa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ina Chuo cha Elimu cha Mkwawa. Taasisi hizo hazina budi kushirikiana kuwasomesha walimu kazi hiyo, na wahitimu wawekwe katika muundo wa utumishi. Huruma peke yake haitoshi.