Kabla ya The Hague, kuna Arusha

Mwandishi, makala yako kwa vijana wanaosoma sheria imewapeleka The Hague na Geneva moja kwa moja, ikairuka Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007, na ya Afrika Mashariki iko mji huu huu. Kumbukumbu za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyomtia hatiani Akayesu mwaka 1998, zimetunzwa Lakilaki, hapa hapa Arusha.

Wadogo zangu mnaosoma sheria, barua za kuomba ufadhili zinazoanza na "tangu utotoni napenda haki" zimejaa tele. Badala yake, chukua kesi ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Soma uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa 2010, kisha hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Juni 2013, andika kurasa kumi ueleze kwa nini zilipishana. Hapo una andiko la kuombea shahada ya uzamili, Pretoria au kwingineko. Hukumu za Mahakama ya Afrika ziko mtandaoni bure, unahitaji bando tu.

Kikwazo cha kupata uzoefu ni pesa. Mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa kwa kawaida hayana mshahara, hivyo anayeyamudu ni mwenye shangazi anayeishi mtaa wa Sakina au Njiro hapa Arusha wa kumpa chumba na chakula. Vyuo vyetu na chama cha mawakili, tengeni posho hata ya vijana wachache kila mwaka.