Soko Lisilo na Bidhaa



Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 kule Qatar, Argentina na Ufaransa zilimaliza dakika 90 zikiwa 2-2, kisha 3-3 baada ya muda wa nyongeza. Wapenda soka walifurahia mabao yote 6. Kwa walioweka fedha juu ya jumla ya mabao, yale mawili ya mwisho kwa kawaida hayakuhesabiwa, kwa kuwa kamari hiyo hufungwa dakika ya 90.

Utaratibu wake yafaa ueleweke. Mchezaji huulizwa: je, mabao yatazidi 2.5 au hayatazidi? Nusu bao halipo uwanjani. Limewekwa makusudi ili pasiwepo sare. Tuchukue mfano. Watu 100 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja. Nusu yao wanasema yatazidi, nusu hayatazidi. Mwenye kamari ameahidi kumlipa mshindi 1,900. Amekusanya 100,000, atalipa 95,000, na 5,000 ni zake, mabao yawe mawili au saba. Washindi na washindwa wakizirudisha fedha zilizosalia kwa masharti yaleyale, baada ya michezo 10 mikononi mwao wote zitabaki kama 60,000. Anayelijua soka sana aweza kumpokonya mwenzake. Hawezi kuiongeza jumla hiyo.

Siku hizi, hasa Marekani, kamari imevikwa joho jipya na kuitwa "soko la utabiri". Watu huuziana hati: mabao yakizidi idadi fulani, hati hulipa dola 1, yasipozidi, hailipi kitu. Bei hupanda na kushuka kwa kadiri ya matarajio ya watu, naye mwenye soko hutoza ada yake. Watetezi wake husema kwamba bei hizo hukusanya maarifa ya wengi. Hilo lina ukweli. Lakini katika soko la mahindi muuzaji huondoka na fedha, mnunuzi huondoka na chakula, na nyumba mbili hufaidika. Katika soko hili, anachopata mmoja ndicho alichopoteza jirani yake.

Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2413, yafundisha kuwa mchezo huo haukubaliki pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, tena yaonya kuwa tamaa yake huweza kuwa utumwa. Basi kipimo chetu ni meza ya chakula nyumbani. Fedha ya ada ya shule, ya dawa au ya mbegu haina ruhusa ya kuingia katika "mkeka" wa kijana wala wa baba yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasimamia biashara hii, na mtoto asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza. Twawaomba wenye mamlaka wailinde sheria hiyo kwa bidii ileile wanayokusanyia kodi. Nanyi jumuiya ndogondogo, chukueni mfano wa hesabu uliotangulia, mufanye pamoja na vijana wenu kwa kalamu na karatasi. Kisha waulizeni, bila kuwakemea: zile shilingi 40,000 zimekwenda wapi, nazo zilikuwa za nani?